SOMO: KUPANGA SHUGHULI ZA MUME NA MKE BAADA YA KUSTAAFU



Shabaha ya somo hili ni kuwasaidia wanachama waliokwisha staafu, na wale wanaokaribia kustaafu, wapange shughuli zao nyumbani ili kila mmoja katika ndoa awe na kazi yake, fedha yake na wakati wake, bila kuvunja umoja wa nyumba. Katibu alisome kwanza peke yake, kisha alifikishe mbele ya wanachama katika kikundi cha kujisomea.

1. Kwa nini jambo hili linahusu Ushirika

Mtumishi wa umma nchini Tanzania aweza kustaafu kwa hiari atimizapo miaka 55, na kwa lazima atimizapo miaka 60. Wengi hurejea vijijini, hujiunga na chama cha msingi na kuweka sehemu ya mafao yao katika chama cha akiba na mikopo. Makatibu nao watastaafu siku moja. Nyumba ya mwanachama ikiwa na ugomvi wa fedha, hapana budi ugomvi huo ufike mezani kwa Katibu: huyu ataka malipo ya mazao yasimamishwe, yule ataka kujua salio la mwenzake. Basi afadhali kuziba ufa kuliko kujenga ukuta.

2. Tatizo lenyewe

Tuchukue mfano. Mume amefanya kazi mjini miaka 30. Katika muda huo mke ameishi shambani, amefuga kuku mia wa mayai, na amekuwa mwanachama wa kikundi cha akiba. Kuku mia hula yapata kilo 12 za chakula kwa siku, yaani kilo 360 kwa mwezi, na mke ajua tangu zamani kiasi gani cha fedha ya mayai hurudi kununua chakula hicho.

Mume arejea na mafao yake. Hana kazi ya asubuhi. Aanza kupokea fedha ya mayai ili “kuisimamia”, aitumia kumaliza ukuta wa nyumba, na baada ya miezi miwili chakula cha kuku hakinunuliki. Kuku wapunguza kutaga. Mume hakuwa mwizi wala mlevi. Alikosa shughuli yake mwenyewe, akaingia katika shughuli ya mwenziwe. Mke naye amepoteza zaidi ya mayai: amepoteza uwezo wa kuamua, ambao aliujenga kwa miaka mingi.

Yaweza pia kuwa kinyume. Mke mwalimu astaafu na kurejea, watoto na ndugu wakamdhania kuwa sasa ni mlezi wa wajukuu wote na mpishi wa kila mgeni. Siku yake yote yamezwa, na bustani aliyokusudia kuilima yabaki nyika.

3. Sheria yasemaje

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yampa mke haki sawa na mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Mali iliyoandikwa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vingine. Iliyoandikwa kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa ni yao kwa hisa sawa. Kadhalika, mume au mke hawezi kuuza, kutoa zawadi, kupangisha wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenziwe. Tena mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa.

4. Namna ya kupanga

Mume na mke waketi pamoja, ikiwezekana mwaka mmoja kabla ya kustaafu, waandike mambo yafuatayo:

(a) Orodha tatu za shughuli: za pamoja, za mume, na za mke. Shughuli iliyokuwa ya mmoja kabla ya kustaafu iendelee kuwa yake, isipokuwa mwenyewe akiomba msaada.

(b) Mafungu matatu ya fedha: la nyumba, la mume na la mke. Wakubaliane kila mmoja atachangia kiasi gani katika fungu la nyumba. Kinachobaki katika fungu la mtu, asidaiwe hesabu yake.

(c) Wakati. Siku za kazi ya pamoja zijulikane, na vivyo hivyo saa ambazo kila mmoja ni huru: huyu aende kwenye bao au kamati ya shule, yule aende kwaya, madrasa au kikundi chake. Si lazima waandamane kila mahali.

(d) Uanachama. Ikiwezekana kila mmoja awe na hisa na kitabu chake, na jina la mrithi liandikwe na kuhakikiwa.

(e) Mapitio. Mpango uangaliwe upya kila mwaka, maana nguvu hupungua na maradhi hayapigi hodi. Uhuru wa kila mmoja hauondoi wajibu wa kumuuguza mwenziwe.

5. Je, huku si kuigawa nyumba?

Wako watakaosema hivyo. Na watazame chama chao. Hisa za kila mwanachama zaandikwa kwa jina lake, na akiba yake haichanganywi na ya jirani. Hata hivyo chama hakivunjiki kwa sababu hiyo, bali hudumu. Chama hufa pale ambapo hesabu hazijulikani na mmoja aamua kwa niaba ya wote. Na nyumba ni hivyo hivyo.

6. Wajibu wa Katibu

Kwanza, asimlipe mtu fedha ya mwanachama mwingine, hata akiwa ni mume au mke wake, bila ya idhini ya maandishi. Pili, asitoe siri ya salio. Tatu, mkopo unaodhaminiwa kwa nyumba ya ndoa usipitishwe bila ya ridhaa ya maandishi ya mwenzi, naye mwenzi aulizwe faraghani kama ametia sahihi kwa hiari. Nne, awahimize wake wa wanachama wajiunge kwa majina yao wenyewe. Chama cha maziwa cha wanawake wa Nronga, wilayani Hai, kilichoanza katika miaka ya 1980, ni ushahidi kwamba jambo hilo lawezekana.

7. Maswali ya kujadiliana

(i) Katika chama chetu, ni wanachama wangapi ambao wenzi wao nao ni wanachama?
(ii) Mstaafu asiye na shughuli yake mwenyewe huleta hasara gani nyumbani?
(iii) Ni shughuli zipi kijijini kwetu ambazo mzee wa miaka 60 aweza kuzifanya bila ya mtaji mkubwa?
(iv) Mume na mke wasipoafikiana juu ya fungu la nyumba, wamwendee nani?

Majibu yaandikwe katika daftari la kikundi, na Katibu ayalete katika mkutano ujao wa elimu ya ushirika.