Pikipiki ya mkononi: iguse injini kabla haijawashwa

*Ndiyo kwanza najifunza pikipiki. Nimepata Boxer 150 iliyotumika. Muuzaji anasema haina shida, ila kadi ina jina la mtu mwingine. Ninunue?*
*Msomaji, Morogoro*

Wasiwasi wa msomaji huyu una msingi, na kadi ndiyo ya kuanza nayo. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, pamoja na ya injini, zilingane na kadi. Mwenye jina aje mwenyewe asaini mkataba wa mauziano, kisha umiliki uhamishwe TRA. Asipopatikana, pesa isitoke.

Halafu injini. Mnunuzi aiguse kabla haijawashwa: ikiwa ya moto, huenda imepashwa makusudi ili ugumu wa kuwaka usionekane. Moshi wa bluu usiokoma ni oili inayoungua, mara nyingi kwa sababu ringi za pistoni zimekwisha. Mweupe wa asubuhi unaopotea upesi ni mvuke tu. Rangi mpya ya tangi haithibitishi chochote, na wauzaji wanalijua hilo. Meno ya sproketi yaliyochongoka yanadai seti mpya ya cheni, bei ishuke.

Anayeanza aketi na kuhakikisha nyayo zote mbili zinakanyaga chini. Ya cc 100 au 125 humfaa zaidi.

Usukani ukivuta upande, aitwe fundi asiyejuana na muuzaji. Fremu ikiwa imepinda, aiache.