Neno "Gereza" na Tafsiri Zake za Kihispania: Ushahidi wa Ngome ya Mombasa

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ya kila siku ambayo mwanafunzi wa tafsiri hudhani ameyamaliza kabla hajayaanza ni neno gereza. Kamusi ndogo humpa kisawe kimoja cha Kihispania, cárcel, naye huridhika. Matatizo huanza pale matini inapohusu Ngome ya Yesu, iliyo ukingoni mwa Mji wa Kale wa Mombasa. "Jengo hili lilikuwa ngome, kisha likawa gereza" ni sentensi nyepesi kwa Kiswahili, lakini neno lake la mwisho limebeba historia inayofanana na ya jengo lenyewe. Makala haya yanadai kwamba kisawe kinacholikaribia zaidi neno hili, inapozungumziwa ngome hiyo, si cárcel, wala si neno la Kihispania lililo ndugu yake wa nasaba, bali ni presidio.

Asili na umbo

Neno gereza hurejeshwa kwa kawaida kwenye neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Msikilizaji wa leo huweza kushuku, lakini fonolojia inaunga mkono dai hilo. Irabu ya mwanzo imedondoshwa. Sauti ya Kireno inayoandikwa kwa herufi j, ambayo ni mwenza ghuna wa sauti sh, haimo katika mfumo wa Kiswahili, na nafasi yake imechukuliwa na z. Ushahidi mzito zaidi uko katika irabu iliyochopekwa kati ya g na r. Fronha ya Kireno imekuwa foronya, na carta imekuwa karata. Katika kila mfano irabu iliyochopekwa ni nakala ya irabu jirani: o kwa o, a kwa a. Gereza, yenye e kwa e, imefuata kanuni hiyo hiyo.

Katika Kihispania, ndugu wa igreja ni iglesia. Yote mawili yametokana na ecclesia ya Kilatini, iliyotoka katika Kigiriki. Hapo ndipo mtego ulipo. Anayejua Kihispania kidogo na etimolojia kidogo aweza kuvutwa na iglesia, ilhali maana ya kanisa imekwisha kutoweka katika neno la Kiswahili. Kanisa lenyewe tumelipata kwa njia ya Kiarabu.

Inashangaza kwamba neno jela nalo lina mtego wa namna hiyo. Limetoka katika Kiingereza, lakini neno hilo la Kiingereza lilipitia Kifaransa cha kale kutoka katika neno la Kilatini lililomaanisha kitundu. Kihispania kililipokea neno hilo hilo kuwa jaula, yaani tundu la ndege au kizimba cha mnyama. Hivyo gereza na jela, visawe katika Kiswahili, vina ndugu wawili wa Kihispania ambao kimoja ni kanisa na kingine ni tundu!

Kutoka kanisani hadi kifungoni

Namna kanisa lilivyogeuka kuwa ngome huonekana wazi zaidi Unguja. Baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17, Waomani walijenga Ngome Kongwe mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na mabaki ya kanisa hilo yakaingizwa katika kuta zake. Mahali ni pale pale. Kilichobadilika ni jengo na wenyewe. Kilwa Kisiwani nako ngome iliyo ufukweni huitwa Gereza hadi leo.

Ushahidi wa Mombasa kwa hatua hii ya kwanza ni dhaifu, na ni vyema kukiri hivyo. Ni kweli kwamba ndani ya Ngome ya Yesu mlikuwa na kanisa, na msingi wake huonekana uani. Hata hivyo, wenyeji huliita jengo hilo Ngome, na mtaa ulio kando yake huitwa Ngomeni. Mombasa ina nguvu katika hatua ya pili. Kuanzia mwaka 1895 hadi 1958 Waingereza waliitumia ngome hiyo kama gereza, kabla haijafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Isidhaniwe kwamba maana ya kifungo ilizaliwa mwaka 1895, kwani Ngome Kongwe ya Unguja ilikuwa ikifungia watu tangu karne ya 19. Lakini kwa zaidi ya miaka 60, mkazi wa Mji wa Kale aliyeshika Ndia Kuu kwenda Ngomeni aliziona maana mbili za neno moja katika ukuta mmoja.

Uteuzi wa kisawe

Kihispania hakina uhaba wa maneno. Cárcel ni neno la jumla. Prisión hutaja mahali na pia hali ya kufungwa. Calabozo ni chumba cha mahabusu. Mazmorra, lililotoka katika neno la Kiarabu la ghala la nafaka lililochimbwa ardhini, ni shimo la kufungia watu, na lafaa hadithi za kale kuliko taarifa za serikali.

Presidio ni jambo jingine. Katika Kilatini praesidium ilikuwa ulinzi au kikosi cha askari. Wahispania waliita presidio ngome zao zenye askari, zikiwamo za Ceuta na Melilla katika pwani ya Afrika Kaskazini. Kwa kuwa wahalifu walipelekwa huko kutumikia adhabu, neno likahama kutoka ukutani hadi kifungoni. Hii ndiyo hatua ile ile iliyopigwa na gereza katika pwani yetu, wala hakuna lugha iliyoikopa maana hiyo kutoka kwa nyenzake. Isitoshe, Ngome ya Yesu ilipoanza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mfalme aliyeamuru ujenzi alikuwa Philip II wa Hispania, ambaye wakati huo alitawala Ureno pia.

Kwa hiyo sentensi ya mwanzo yaweza kufasiriwa: fue fortaleza y después presidio. Msomaji wa Kihispania atasikia ngome ikiendelea kuwamo ndani ya gereza, jambo ambalo cárcel haliwezi kumpa. Lakini presidio lisibebeshwe kila mzigo. Idara ya Magereza haina uhusiano wowote na askari wa ngome. Vivyo hivyo kwa Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, aliyetunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni kati ya mwaka 1969 na 1972. Uzito wa neno katika diwani hiyo haumo katika mawe, umo katika mtu aliyefungiwa, na anayetaka kuitaja kwa Kihispania kama ushairi wa gerezani atatumia poesía carcelaria.