Mishipa ya Moyo Inapoziba Zaidi ya Mmoja: Kijitabu cha Kaya za Lusu

Ugonjwa wenyewe

Shambulio la moyo hutokea pale mshipa unaoupelekea moyo damu unapoziba ghafla, na kwa kuwa takriban nusu ya wagonjwa hukutwa na mishipa mingine iliyosinyaa, kuzibua ule mmoja si mwisho wa matibabu.

Dalili

Mgonjwa ambaye kifua kinambana kwa zaidi ya dakika 15, maumivu yakipanda begani au kwenye taya, hupelekwa hospitali saa hiyo hiyo, wala hacheleweshwi kwa dawa za vidonda vya tumbo.

Kuzibua mishipa

Kutoka Nzega, mgonjwa anaweza kupewa rufaa hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, ambako hufanyika upasuaji wa tundu dogo: mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa mkono au paja hadi kwenye moyo, palipoziba hutanuliwa kwa puto, kisha huwekwa stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma. Mishipa iliyobaki huweza kuzibuliwa baadaye, na utafiti wa kimataifa wa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,000, ulionyesha kuwa waliozibuliwa yote walipata mashambulio mapya machache zaidi, hata pale awamu ya pili ilipofanyika ndani ya siku 45. Kwa hiyo tarehe ya kurudi haipuuzwi. Mwenye kisukari mara nyingi hushauriwa upasuaji wa kufungua kifua, ambapo mshipa huvunwa mguuni au kifuani na kupandikizwa ili damu ipite kando ya palipoziba.

Dawa hazikatishwi

Upasuaji hufungua njia ya damu lakini hauondoi ugonjwa, na dawa ndizo zinazoilinda njia hiyo. Aspirini kwa kawaida humezwa maisha yote, na klopidogreli, dawa ya pili ya kuzuia damu isigande, humezwa pamoja nayo kwa takriban mwaka 1, daktari asipoagiza vinginevyo. Anayeziacha katika miezi ya mwanzo kwa sababu kifua hakimbani tena na ameshaanza kwenda shambani, stenti yake yaweza kuziba ghafla, naye akafia njiani kabla ya kufika Nzega. Nafuu hiyo inalindwa na dawa, hivyo dawa hazikatishwi. Hazikatishwi msimu wa kilimo, hazikatishwi safarini, hazikatishwi kwa ajili ya kung'oa jino kabla daktari hajaulizwa, wala mitishamba haishiki nafasi yake. Wakati wa mfungo, saa za kumeza hupangwa na daktari. Vidonge havigawiwi jirani mwenye presha, wala dozi haikatwi nusu ili ifike mavuno. Akitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, mgonjwa hukimbizwa hospitali na vidonge vyake vyote, ili daktari, si ndugu, aamue kipi kisitishwe.

Tumbaku

Tumbaku ni riziki ya kaya nyingi za Tabora, lakini aliyepata shambulio la moyo havuti tena, hata msokoto mmoja.

Wajibu wa kaya

Mtu mmoja nyumbani huteuliwa kuhesabu vidonge kila wiki, na vinapobaki vya siku 10 nauli ya kwenda kuvifuata hutengwa kabla ya matumizi mengine, kwa maana dawa hazikatishwi hata kwa siku moja.