SOMO LA ROBO HII: CHINA ILIVYOFIKA MTAA WA MSIMBAZI



Katika vikao vya kamati zetu za Kariakoo na Ilala swali moja hurudi mara kwa mara: "Hawa Wachina wametupitia wapi?" Anayeuliza ana frem ya vyombo, au ana kijana anayefanya kazi ya uwinga, au yumo katika mradi wa cherehani uliolemewa na nguo za bei ya chini. Somo hili linajaribu kujibu bila chuki na bila kusifu kupita kiasi. Tunaomba lisomwe kwa sauti kikaoni, kisha maswali yajadiliwe.

1. Tulikotoka pamoja

Mwalimu Nyerere alipokwenda China mwaka 1965, nchi hiyo ilikuwa maskini. Ilikuwa imetoka katika njaa ya 1959–1961 iliyoua mamilioni ya watu. Hata hivyo ilitusaidia kujenga kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa 1968, na reli ya TAZARA ya kilometa 1,860 hivi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba. Baadhi ya Wachina waliofia kazini wamezikwa pembezoni mwa jiji letu. Wazee wetu walimjua Mchina fundi wa reli. Wajukuu wanamjua Mchina muuza jumla. Katikati palitokea nini?

2. Kilichobadilika kwao

(a) Shamba. Mwishoni mwa 1978 wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang, jimbo la Anhui, walitia dole gumba kwenye mkataba wa siri. Kila kaya ilime sehemu yake, itoe fungu la serikali, na kinachobaki kiwe chake. Waliahidiana kuwalea watoto wa yeyote atakayefungwa. Mavuno yaliyofuata yaliongezeka sana, na utaratibu huo ukaenea nchi nzima.

(b) Viwanda vya vijijini. Akiba ya wakulima na nguvu za serikali za vijiji zilianzisha karakana na viwanda vidogo. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 viliajiri zaidi ya watu milioni 100.

(c) Shule na zahanati. Hivi vilitangulia. Kabla ya mageuzi, watu wengi walikwisha kujua kusoma, na vijiji vilikuwa na wahudumu wa afya. Viwanda vilipofunguliwa, vilikuta watu walio tayari kufundishwa kazi.

(d) Soko la dunia. Shenzhen ilifanywa eneo maalumu la uchumi mwaka 1980, na China ikajiunga na Shirika la Biashara la Dunia mwaka 2001. Wafanyabiashara wa Kariakoo waliozoea kufuata mzigo Dubai wakaanza kwenda Guangzhou na Yiwu.

Benki ya Dunia inakadiria kwamba katika miaka 40 karibu watu milioni 800 walitoka katika umaskini uliokithiri.

3. Gharama yake

Wazazi waliokwenda viwandani waliacha makumi ya mamilioni ya watoto kwa bibi na babu, kwa sababu usajili wa makazi uliwabana kupata shule mjini. Sera ya mtoto mmoja, iliyodumu hadi 2015, iliingilia familia kwa nguvu, na tangu 2022 idadi ya watu inapungua. Mito na hewa vilichafuliwa, na wafanyakazi hawana vyama huru vya kuwatetea. Tusiige kila kitu.

4. Sisi tufanye nini?

Mwaka 2011 serikali iliwataka wachuuzi wa kigeni waondoke Kariakoo. Malalamiko yaliendelea, na Julai 2025 ikatoka amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo kutengeneza simu na uwakala wa fedha kwa simu. Amri inaweza kulinda frem, lakini haiwezi kutengeneza bidhaa. Kama frem ni ya mzawa na kila kilichomo kimetoka kwenye kontena, kazi ya kiwandani imebaki kulekule.

Kwa hiyo kamati ziangalie mikopo ya vikundi inakokwenda. Ikiwa yote ni ya kununua na kuuza, tutashindana kwa bei tu, na hapo tutashindwa. Kikundi cha cherehani hakiwezi kushindana kwa fulana. Kinaweza kwa sare za shule na za kwaya, zinazohitaji kupimwa na kurekebishwa hapa hapa mtaani.

Kwa wafadhili: wakulima wa Xiaogang hawakupewa mradi. Waliruhusiwa kubaki na matunda ya jasho lao. Tunapopanga msaada, tuulize kwanza watu wamekwisha kuanza nini.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika vikundi vyetu, wangapi wanatengeneza kitu na wangapi wanauza tu?
2. Ni watoto gani mtaani kwetu wanaoishi bila wazazi kwa sababu ya kutafuta riziki? Nani anawaangalia?
3. Ni kitu gani kimoja tunachonunua kila mwezi ambacho mwanakikundi angeweza kukitengeneza?