Mpangie Mtoto Siku Yake



Msimu wa kilimo ukifika, kazi huwa nyingi. Baba na mama huondoka alfajiri kwenda shambani. Mtoto wa miaka miwili hubaki nyumbani na dada yake mdogo. Asubuhi hupewa uji. Kisha husubiri mpaka wazazi warudi jioni. Chakula cha usiku kinapoiva, yeye amekwisha kulala.

Je, mtoto huyu amekula mara ngapi? Mara moja tu.

Tumbo la mtoto ni dogo. Haliwezi kupokea chakula kingi kwa mara moja kama tumbo la mtu mzima. Kwa hiyo mtoto lazima ale kidogo kidogo, mara nyingi. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji milo 3 au 4 kwa siku, na kitu kidogo katikati ya milo. Tena aendelee kunyonya mpaka atimize miaka 2 au zaidi. Asipokula vya kutosha hukonda, hachezi, na magonjwa humshika upesi.

Mpango wa siku

Hata kama huna saa, tazama jua. Jambo kubwa ni kufuata mpango ule ule kila siku.

Saa 1 asubuhi: Mtoto anawe uso na mikono. Ale uji wenye karanga zilizosagwa au maziwa.

Saa 4 asubuhi: Ale ndizi mbivu au papai.

Saa 7 mchana: Ale ugali laini, maharage na mchicha. Kisha apumzike.

Saa 10 jioni: Ale kiazi kitamu au tunda.

Saa 12 jioni: Aoge, kisha ale. Asingoje chakula cha wakubwa.

Saa 2 usiku: Alale ndani ya chandarua. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku.

Kabla ya kila mlo, mlishaji na mtoto wanawe mikono kwa maji na sabuni. Chakula kilichobaki kifunikwe, na kipashwe moto mpaka kichemke.

Usingizi nao ni afya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana.

Nani atamlisha mchana?

Hapa ndipo mipango mingi huvunjika. Usimwachie mtoto kazi ya kulea mtoto. Dada mtu anatakiwa awe shuleni. Baba na mama wapeane zamu ya kurudi mapema. Au majirani wapange zamu, mtu mzima mmoja abaki na watoto. Kama hakuna njia nyingine, nendeni naye shambani. Mwekeni kivulini, na mbebeeni chakula na maji safi ya kunywa.

Kulea si kazi ya mama peke yake. Baba akijua saa za mtoto wake, mtoto hatalala na njaa.

Maswali ya kujadili

1. Jana mtoto wako alikula mara ngapi?
2. Kwa nini mtoto hawezi kushiba kwa mlo mmoja?
3. Wakati wa kilimo, nani atawalisha watoto wa kijiji chenu mchana?