Ng'ombe Aliyetulia Bado Anaweza Kuumia



Baada ya darsa letu la Hadithi kuhusu ihsani, ndugu mmoja anayesomea udaktari wa mifugo aliniuliza: ng'ombe akidungwa sindano akalala kimya, je, anayempasua ametimiza ihsani? Nikajibu haraka kuwa ndiyo. Nilikosea, na ndiye aliyenisahihisha.

Mnyama akijeruhiwa, neva hupeleka habari ya maumivu hadi kwenye uti wa mgongo. Hapo neva ya kwanza humwaga kemikali, ya pili huzipokea kwa vipokezi vyake, na habari hupanda hadi ubongoni. Mofini hushika vipokezi viitwavyo myu: neva ya kwanza ikapunguza kemikali inazomwaga, na ya pili ikawa ngumu kuamshwa. Zailazini, inayotumika sana kwa ng'ombe, hushika vipokezi vya alfa-2. Hivi vimo katika uti wa mgongo, na pia katika sehemu ya ubongo inayomweka mnyama macho. Ndiyo maana dawa hiyo moja hupunguza maumivu na pia huleta usingizi.

Tatizo ni kwamba mambo haya mawili hayaishi pamoja. Nguvu ya kuzuia maumivu huisha mapema, usingizi ukiwa bado unaendelea. Ng'ombe amelala, hapigi teke, lakini kisu anakihisi! Kwa hiyo daktari mwangalifu huongeza lidokaini, dawa ya ganzi, pale pale panapokatwa. Kipimo nacho si cha kukisia: ng'ombe hutoshwa na takriban sehemu moja kwa kumi ya kile cha farasi.

Katika Hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.), iliyomo katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa ihsani imeandikwa juu ya kila kitu, akataja kunoa kisu na kumpumzisha mnyama anayechinjwa. Mimi nilikuwa nikiisoma kama hukumu ya machinjioni tu. Lakini kunoa kisu ni ujuzi wa mkono. Huruma ya moyoni peke yake hainoi kitu. Ikiwa ihsani imefika kwenye makali ya kisu, naona imefika pia kwenye sindano na saa yake.

Nilimuuliza ndugu yule wao huhakikisha vipi. Akasema huchoma ngozi kidogo kwa ncha ya sindano panapotakiwa kupasuliwa. Ng'ombe akishtuka, kisu husubiri.