Amepona, Lakini Je, Nguvu Zimerudi?

Somo la kujadiliana kikundini



Kikundi kimoja tulichokitembelea kilikuwa na mama aliyeugua malaria siku kumi. Siku aliporudi kwenye kazi ya pamoja alipimiwa kipande cha shamba sawa na wenzake. Kufika saa nne alikuwa ameketi chini ya mti, jembe kando. Watu wakanong'ona, "Huyu anajifanya tu." Jioni akatozwa faini. Tangu hapo hakuja mkutanoni tena, na kikundi kikapoteza mweka hazina mwaminifu.

Je, mama huyu alikuwa mvivu? Hebu tuwaangalie watu ambao kazi yao ni kukimbia na kucheza mpira.

Wengi wetu humtaja Kipchoge Keino. Huko Mexico City mwaka wa 1968 alikimbia akiwa na ugonjwa wa kibofu cha nyongo. Katika mita 10,000 alianguka kwa maumivu. Siku chache baadaye alipata medali ya fedha katika mita 5,000, kisha dhahabu katika mita 1,500. Tunamsifu, na anastahili. Lakini tusimgeuze kuwa fimbo ya kuwachapa wagonjwa. Keino ni mmoja, wengi hawawezi.

Mwaka wa 2022 wataalamu wa uchumi walichapisha uchunguzi juu ya wachezaji wa ligi kuu za Ujerumani na Italia waliopata Korona. Hawa ni vijana wenye afya, chakula kizuri na madaktari wao. Hata hivyo, waliporudi uwanjani kazi yao ilipungua kwa karibu asilimia 5, na hali hiyo ikaendelea kwa miezi. Aliyekuwa akitoa pasi 40 sasa anatoa 38. Wenye zaidi ya miaka 30 ndio waliolemewa zaidi.

Basi ikiwa mchezaji wa kulipwa anarudi na upungufu, sembuse mama anayelala njaa siku nyingine, na ambaye bado anateka maji na kutafuta kuni?

Sababu zipo. Malaria huharibu chembe za damu, na damu huchukua majuma kadhaa kurudi kama kawaida. Damu ikipungua, mtu huishiwa pumzi upesi. Magonjwa mengine huacha mapafu au misuli ya moyo ikiwa dhaifu. Kufanya kazi ngumu homa ikiwa bado mwilini kunaweza kuudhuru moyo.

Tukumbuke pia nabii Eliya alipochoka jangwani. Malaika hakumkemea. Alimpa chakula, akamwacha alale, akamlisha mara ya pili, ndipo akamwambia aanze safari.

Kikundi chaweza kufanya nini?

1. Anayerudi apewe kazi nyepesi kwanza: kuandika mahudhurio, kuchambua mbegu, kuangalia watoto.
2. Kazi iongezwe pole pole, juma kwa juma. Akichoka sana, arudi nyuma hatua moja.
3. Ale vyakula vya kuongeza damu: maharagwe, mboga za kienyeji, mayai, dagaa au nyama ikipatikana.
4. Amalize dawa zote alizopewa, hata kama anajisikia vizuri.
5. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kwenda mbio au kukosa pumzi, aende kituo cha afya bila kukawia.
6. Sheria ya faini iandikwe wazi kwamba haimhusu mgonjwa wala aliyetoka kuugua.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Nasi twaongeza: aliyepona asianze kuhesabiwa matuta kesho yake.

Maswali ya kujadili

- Je, katika kikundi chetu yuko aliyeacha kuja baada ya kuugua? Nani atakwenda kumwona?
- Katiba yetu yasema nini juu ya wagonjwa?
- Tutatofautishaje uvivu na udhaifu bila kumwaibisha mtu mbele ya wenzake?